Kamanda Achagua Mtutu

Vita vyote vilivyowahi kupotea duniani vilipotea kwa sababu ya mtutu mbaya! Hayo si maneno yangu, ni ya Kamanda, na Kamanda hajawahi kukanyaga uwanja wa vita hata kwa kupotea njia.

Kazi yake ni kusaga lenzi za miwani. Mimi ni fundi wa fremu: nabadilisha bawaba, nakaza skrubu, nanyoosha miwani ambayo mwenyewe aliikalia kwenye kochi halafu akaja kuapa kwamba imejikunja yenyewe. Tulikuwa karakana moja nyuma ya duka, meza zetu zikigusana, kwa hiyo lolote lililotoka mdomoni mwa Kamanda lilinifikia mimi kwanza, likiwa bado la moto.

Cheo cha ukamanda alijipa mwenyewe. Alikuja kazini asubuhi moja akatutangazia kwamba kuanzia siku hiyo tumwite hivyo, na sisi, kwa uvivu wa kubishana naye, tukamwita. Kubishana na Kamanda kunachosha kuliko kuhamisha kabati.

Karakana yenyewe haikuwa na dirisha. Yaani lilikuwepo, ila jirani alijenga ukuta, ukilifungua unakutana na tofali uso kwa uso. Nilifanya kazi chini ya taa iliyopepesa kama ina usingizi. Skrubu zangu nyingine hata sisimizi angezibeba mbili mbili bila kulalamika, na ikidondoka moja nilishuka chini ya meza kupapasa, magoti sakafuni, huku mteja anauliza kule mbele kama bado. Ikifika jioni macho yananichoma. Mtu unatengenezea watu macho huku ya kwako yanakwisha! Iliniuma, sifichi.

Basi bosi akapangisha chumba cha ghorofani, juu ya duka hilohilo. Nilipanda kukiona. Dirisha! Pana, upande mzima wa ukuta, mwanga umeingia mpaka kwenye kona. Nikatoa skrubu mfukoni, nikaiweka kiganjani, nikaiona mpaka mistari yake. Nilitaka kulia. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka nyongeza ya mshahara.

Tatizo ni kwamba watu wa mauzo nao walikitaka. Walisema wanahitaji mahali pa kuweka kochi na kioo kirefu, wapumzishe miguu. Kiongozi wao tulimwita Mama Tabasamu, mwanamke ambaye ukiingia dukani kuulizia njia unatoka umevaa miwani ya jua, na njia hujaonyeshwa. Akamwendea bosi akitabasamu. Sisi tukamwendea tumenuna. Wakarudi, tukarudi. Mwisho bosi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani, mtaniua!" akasema. "Si kila mwaka tunakwenda kule uwanjani kupigana rangi? Mwaka huu timu itakayoshinda ichukue chumba. Na baada ya hapo nisisikie tena mtu akinitajia dirisha!"

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mnapewa bunduki za upepo zinazofyatua vidonge laini vilivyojaa rangi. Mnavaa vinyago vya kioo, mnajificha nyuma ya mapipa na matairi, mnawindana. Kidonge kikikupasukia mwilini, refa anakupigia kelele, "Nje!" Unakwenda kukaa kwenye benchi na marehemu wenzako, mnakunywa soda.

Mwaka uliotangulia Kamanda ndiye aliyelifungua hilo benchi. Filimbi ilikuwa haijamaliza kulia. Alipotoka, bunduki yake ilikuwa na vidonge vyote, kama alivyokabidhiwa.

"Ulikuwa mtutu," alitueleza. "Bunduki za kukodi zina mitutu mibovu. Mtu wa kiwango changu hawezi kuonyesha uwezo wake kwa bomba la namna ile."

"Lakini Kamanda, hukuifyatua."

"Kwa sababu nilishaona haitafaa!"

Tangu hapo akajinunulia bunduki yake mwenyewe, ya mtumba, kuukuu kiasi kwamba mpira wake wa ndani wa kuzuia kidonge ulishalika ukabaki kama ulimi wa paka. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa mtutu uliokuja nayo, ambao aliufungua akautupa, akasema ni wa kitoto.

"Sasa nanunua mtutu wa kiume," akaniambia. "Na wewe dada utanisindikiza. Wewe ndiye mtu wa thredi, hizo nyuzi za skrubu."

Ningekataa. Lakini nikalifikiria dirisha langu, nikafikiria kwamba dirisha langu linamtegemea mtu huyu, nikachukua mkoba.

Duka lenyewe lilikuwa limebanwa katikati ya muuza baiskeli na fundi saa. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa mitutu: mifupi, mirefu, myeusi, ya fedha, mmoja wa zambarau. Kamanda akafunga mikono nyuma, akatembea mbele ya ukuta ule taratibu, akiitazama mmoja mmoja, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Alipofika mwisho akageuka akaanza upya.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kikombe cha chai mkononi na miwani inayomteleza puani. Mimi miwani inayoteleza siwezi kuivumilia, ni ugonjwa. Nikamwomba anivulie, nikatoa bisibisi yangu mkobani, nikaanza kumkazia bawaba palepale kaunta.

"Tuanze na thredi," akasema muuzaji, akimtazama Kamanda kwa macho ya mtu asiyeona vizuri. "Kila bunduki na thredi yake. Ukinunua isiyo yake, hata uifunge kwa kamba haikai."

Kamanda akanielekezea kidole. Nikaitazama bunduki, nikaitazama mitutu, nikajaribu mmoja, ukaingia laini bila kulalamika. Hapo palikuwa rahisi. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, na laiti tungeondoka dakika ileile.

"Urefu," akasema Kamanda. "Nataka mrefu kuliko yote."

"Chukua wa kati. Ukizidi pale, upepo unaishia njiani. Kidonge kinabaki kusuguana na chuma tu, hakiongezewi nguvu."

"Twiga ana shingo fupi?"

"Hapana."

"Basi!"

"Basi nini?" Muuzaji akanigeukia mimi. Nikainua mabega. Nilikuwa na skrubu yake katikati ya midomo, nisingeweza kujibu hata kama ningekuwa na jibu.

Kamanda akanyoosha mkono mpaka juu kabisa ya ukuta, akauangua mtutu mmoja uliokuwa umekaa kule mpaka umeota vumbi. Ulikuwa mrefu jamani! Ukiusimamisha sakafuni ulinifika juu ya kiuno. Una vitundu vidogo pande zote mbili kuelekea mdomoni, kama filimbi.

"Vya kupunguzia mlio," akasema muuzaji.

"Unasikia, dada? Adui atakufa hajui kimemuua nini."

"Sasa kuna upana wa ndani," muuzaji akaendelea, akaweka kikombe chini, maana hapa alikuwa amefika kwenye jambo analolipenda. "Hapo ndipo penye kazi yote. Mtutu ukibana sana, kidonge kinapasukia humohumo. Ukilegea, kinakuponyoka kabla hujafyatua. Dawa yake rahisi: unatia kidonge nyuma. Kisidondoke chenyewe. Halafu unapuliza kwa mdomo. Kitoke. Kikikaa bila kupulizwa na kikatoka kwa kupulizwa, umepata saizi yako."

"Lete tupulize!"

"Mimi vidonge siuzi. Tena inabidi uje na vile vilevile mtakavyochezea siku hiyo, maana vinatofautiana. Na vinakula unyevu, vinavimba. Nenda pale uwanjani, waombe viwili vitatu vya leo, uje nikupimie."

Kamanda akatabasamu. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kitambaa cha kufutia miwani, akakikunjua kona baada ya kona. Katikati kulikuwa na kidonge.

"Cha uwanja huohuo," akasema.

"Cha lini?"

"Cha mwaka jana. Nilikibakiza makusudi."

Tunajua alivyokibakiza. Lakini jambo lililonishtua ni sura ya kidonge chenyewe. Kamanda alikihifadhi kwenye droo iliyo chini ya mashine yake ya kusagia, ambako maji yanadondoka tangu tunafungua mpaka tunafunga, na kidonge kilikuwa kimekunywa yote. Hakikuwa duara tena. Kilikuwa na kitambi.

"Kamanda," nikasema, "hicho si kimevimba?"

"Kimekomaa!"

"Kaka, dada anasema kweli," akasema muuzaji. "Tafuta kipya."

"Kidonge ni kidonge! Nyinyi watu mnapenda kufanya mambo magumu."

Na hapo akatoa kalipa yake ya kazini, ile rula ya chuma yenye taya mbili. Sitamsingizia mtu: kwenye kupima, Kamanda hana mpinzani. Lenzi aliyosaga yeye hairudi. Alikishika kile kidonge kwa vidole viwili, akafunga taya polepole, akazuia pumzi, akasoma, akakigeuza upande wa pili, akasoma tena, akajumlisha, akagawa. Sijapata kuona kitu kibovu kikipimwa kwa usahihi ule.

Muuzaji akafungua sanduku la vipande vya nyuma vya mtutu ule, kila kimoja na upana wake wa ndani, wakaanza kujaribu. Upana wa kwanza, kidonge hakikuingia hata mlangoni. Wa pili, wa tatu, wa nne, hakiingii. Muuzaji akafika kwenye sehemu ya mwisho ya sanduku, huko alikofikia mara chache. Kilipofika kipande kipana kuliko vyote, kidonge kikaingia, kikakaa. Kamanda akainamisha mtutu: hakikudondoka. Akaweka mdomo nyuma, akavimbisha mashavu, akapuliza. "Puu!" Kikatoka kwa mbele, kikaruka kaunta, kikatua kwenye chai ya muuzaji.

"Umeona?" akapiga kelele Kamanda. "Saizi yangu!"

"Kaka, huo ni mpana mno. Hata mimi sikumbuki niliuagizia nini."

"Uliniagizia mimi. Ulikuwa hujanijua tu."

Muuzaji akanitazama, nikamrudishia miwani yake. Akaivaa, akatikisa kichwa, haikuteleza. Akamtazama Kamanda, sasa akimwona vizuri, na nadhani ndipo alipokata tamaa. Alimshauri mara ya kwanza, akamshauri mara ya pili, mara ya tatu akainama kutafuta mfuko mrefu.

Siku mbili baadaye mke wa Kamanda akanipigia simu.

"Wifi," akasema, "huyu mtu mmemfanya nini huko kazini?"

"Kwani kafanyaje?"

"Anatembea nalo ndani! Anasema anafanya mazoezi ya kona. Taa ya korido kavunja, jagi kaangusha, jana kageuka mlangoni likanasa kati ya friji na ukuta, tukamtoa na watoto. Nimemwambia, Baba watoto, bomba hilo likilala ndani, mimi nalala nje."

"Likalala wapi sasa?"

"Uvunguni. Linachungulia pande zote mbili."

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Nililikumbuka dirisha.

Siku ikafika. Tulikuwa timu ya watatu: Kamanda, mimi, na mng'arisha fremu wetu, mwanamume asiyeongea, ambaye ukimsalimia anakuitikia kwa nyusi. Mauzo nao watatu, Mama Tabasamu mbele. Alipomwona Kamanda anashuka na lile bomba begani akafungua mikono kwa furaha.

"Kamanda! Umekuja kuvua samaki?"

"Cheka tu, mama. Cheka vizuri, ndiyo mara ya mwisho."

Tukagawiwa vidonge. Vilikuwa vipya, vidogo, vigumu, vinang'aa. Nikakichukua kimoja nikakiviringisha kiganjani, nikakikumbuka kile chenye kitambi.

"Kamanda, hebu tia kimoja hapo upulize, kama yule mzee alivyosema."

"Silaha haijaribiwi mbele ya adui!"

"Mara moja tu."

"Dada. Nani kamanda hapa?"

Mng'arisha fremu akainua nyusi. Sijui alikuwa anasema nini, lakini nilikubaliana naye.

Mpango wa Kamanda ulikuwa huu. Katikati ya uwanja kuna mnara wa mbao wenye ngazi na jukwaa juu. Yeye apande, kwa sababu mtutu kama ule haukuumbwa kukaa chini na watu wa kawaida. Sisi tuwasumbue adui huku chini wakae wazi, yeye awamalize mmoja mmoja. Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi. Mtutu ulinasa kwenye ngazi, akaugeuza, ukanasa kwa upande wa pili, mwisho mng'arisha fremu akaja akamsukuma makalio kwa bega kama gari lililozima, Kamanda akafika juu.

Filimbi!

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mng'arisha fremu akakimbia moja kwa moja kuelekea kwenye mapipa, bila kujificha, bila kelele. Akawapiga wawili wa mauzo, pa, pa, naye akapigwa wa tatu. Akaenda kukaa kwenye benchi akafungua soda. Sikujua kama ana moyo wa namna ile! Ghafla akabaki Mama Tabasamu peke yake upande wao, na sisi wawili upande wetu. Kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba chumba tunakipata.

Mimi nilikuwa nyuma ya matairi. Mama Tabasamu akapita kwa kujificha, akaja kusimama wapi? Chini ya mnara! Mgongo wake kwenye nguzo, bunduki yake inanitazama mimi. Kila nikichungulia, pa! Tairi linapakwa rangi. Siwezi kutoka. Lakini hakujua kwamba juu ya kichwa chake, umbali wa kumwagiwa maji, yuko Kamanda.

Dirisha langu lilikuwa pale, chini ya miguu ya mtu yule.

Kamanda akasimama. Akatanua miguu. Akapitisha mtutu ule mrefu ukingoni mwa jukwaa, akauelekeza chini, sawasawa na utosi wa Mama Tabasamu. Hata kipofu asingemkosa. Akafumba jicho moja.

Kidonge kikatoka chenyewe.

Kikateleza ndani ya mtutu, ukasikia kabisa, srrrr, kikadondoka. Tok! Utosini mwa Mama Tabasamu. Kikadunda, kikaingia kwenye majani, kizima.

"Hakikupasuka!" akapiga kelele refa. "Endelea!"

Kamanda akafyatua. "Fsss!" Upepo mtupu. Akainua mtutu, kidonge kipya kikaingia. Akainamisha, srrrr, tok. Akainua. Akainamisha. Srrrr. Hiki kikadondokea kwenye ubao, karibu na kiatu chake. Akainua tena, akautikisa kama chupa ya dawa, akainamisha kwa kasi ili akiwahi. Hakukiwahi.

"Anataga!" ikasikika sauti kutoka kwenye benchi. Naapa ilikuwa ya mng'arisha fremu.

Mama Tabasamu akatazama juu. Kidonge cha sita, au cha saba, kikamdondokea, akakidaka kwa mkono.

"Kamanda," akasema kwa upole, kwa ile sauti ya kumwonyesha mteja kioo, "umeangusha kitu chako."

"Kirudishe!"

"Shuka ukichukue."

"Dada!" Kamanda akaniita kwa sauti kubwa, akinitangazia na mahali nilipo. "Usiwe na wasiwasi! Mtutu bado unapata moto!"

Na kweli akawaza. Nilimwona anawaza. Akaona kwamba kosa ni kuinamisha sana, na kwamba akipiga goti, mtutu utalala kidogo na kidonge kitatulia. Hesabu haikuwa mbaya. Ila pale kwenye mbao miguuni pake vilikuwa vimeshajikusanya vidonge vyake mwenyewe, na Kamanda ni mtu wa kilo. Akapiga goti kwa heshima zote.

Pwaa!

Refa akapanda ngazi mpaka katikati, akanyoosha shingo, akatazama lile goti la rangi ya chungwa.

"Rangi gotini. Nje!"

"Nani kanipiga?"

"Hakuna."

"Basi siko nje!"

"Kanuni inasema rangi ikikupasukia mwilini. Haikusema ya nani."

"Lakini ni yangu mwenyewe!"

"Hongera. Shuka."

Ndipo Mama Tabasamu alipoanza. Miaka yote ile nimemwona akitabasamu, meno tu, ya kazi. Kicheko chake sikuwahi kukisikia. Kilitoka tumboni! Alishika nguzo, akainama, akapiga kofi paja lake, akajaribu kusema "hongera, shuka" akashindwa kufika mwisho. Kinyago chake kikajaa ukungu. Bunduki ikawa inaning'inia mkononi kama mkoba.

Nikatoka nyuma ya matairi. Sikukimbia, nilitembea. Nikazunguka nguzo, nikasimama nyuma yake kwa umbali wa adabu, na kwa ile bunduki ya kukodi yenye mtutu mfupi wa kitoto nikampiga mgongoni. Pa! Moja. Aliendelea kucheka. Refa alimwambia mara mbili kwamba ameshakufa.

Tumeshinda! Nikakaa juu ya tairi, nikavua kinyago, machozi yakanitoka mbele za watu. Wengine walidhani nimeumia. Nilikuwa naona ile skrubu kiganjani, na mistari yake yote.

Kamanda alikuwa hajamaliza kushuka ngazi, mtutu umenasa, na tayari anahutubia.

"Ile inaitwa mbinu!" akasema. "Unamchekesha adui, akili inamtoka, mwenzako anamaliza. Mmeona wenyewe!"

"Na goti?" akauliza bosi.

"Kujitoa mhanga, bosi. Kamanda wa kweli hujitoa mhanga."

Ningemwachia tu ajisifu, maana nilikuwa na furaha ya kumtosha kila mtu. Lakini Jumatatu nilipopanda ghorofani na sanduku langu la bisibisi, nikamkuta Kamanda ameshafika. Amechora sakafuni kwa chaki. Mashine yake na meza yake mbele ya dirisha, katikati kabisa, zimelimeza lote. Mng'arisha fremu ukutani. Mimi nimechorewa kakipande nyuma ya mlango, ambako mlango ukifunguliwa mwanga unakatika.

"Kamanda hukaa mbele," akasema, bila hata kuona aibu.

"Mimi ndiye ninayeshika skrubu! Wewe mashine inakusagia!"

"Nani aliyetuletea ushindi, dada?"

Nilikasirika. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia, neno ambalo tusingesemeshana tena baada yake, bosi akaingia na fundi bomba. Fundi bomba akatazama ukuta wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akapiga sakafu kisigino.

"Mashine ya kusagia inakunywa maji siku nzima, siyo?" akauliza.

"Siku nzima," akajibu Kamanda kwa fahari, kama anazungumzia farasi.

"Hapa hakuna bomba. Na mwenye jengo hataki tutoboe, nimetoka kumwuliza."

"Basi mashine haipandi," akasema bosi. "Inabaki chini."

"Na mimi?" akauliza Kamanda.

Bosi akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe si ndiye unayeiendesha?"

Tukahamia wawili, mimi na mng'arisha fremu. Nikaweka meza mbele ya dirisha, nikafuta chaki kwa kiatu. Macho yameacha kunichoma. Tangu tuhamie, mwenzangu amesema neno moja tu, alisema "Mwanga," nikamjibu, "Ndiyo." Kule chini, pengo la meza yangu bosi aliwapa mauzo, wakaweka lile kochi lao. Mama Tabasamu anakuja kupumzisha miguu hapo kila akipata nafasi, na kila akija anamwomba Kamanda amsimulie tena ilivyokuwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nakaza bawaba, dirisha wazi, nikasikia sauti ya Kamanda uani. Alikuwa anamsimulia mlinzi mpya, ameshika ufagio, anauelekeza chini hivi, anauinua. Mlinzi anasikiliza kwa makini, mdomo wazi. Mnara katika simulizi hiyo ulishakuwa na ghorofa tatu, na adui walishafika kumi.

"Kwa hiyo mkashinda?" akauliza mlinzi.

"Tukashinda!"

"Mkapewa hicho chumba?"

"Tukapewa!"

"Chumba chenyewe ndiyo kile?" Mlinzi akaonyesha juu, nilipo mimi.

"Kilekile!"

"Sasa mkubwa," akasema mlinzi, na hakuwa anatania, alitaka tu kuelewa, "mbona wewe uko huku chini na mimi?"

Kamanda akatazama juu. Macho yetu yakakutana. Akauegemeza ufagio ukutani taratibu, akasema mashine inamsubiri, akaingia ndani.

Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. Lakini kuhama, sikuhama.